Saa ya Pakiteng

Karatu, 9 Novemba 1997

Mdogo wangu Inosenti,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia shemeji yako Vedasto mpaka kuku. Watoto hawajambo. Yule wa mwisho uliyemwacha anakohoa Agosti ulipokuja likizo amepona, sasa kazi yake ni kukimbia na kuangusha vyombo. Mvua imekuja kwa fujo, maharage ya Vedasto yameozea ardhini, na malori yanalala matopeni kule Makuyuni. Huko kusini najua mnaota jua tu chini ya mikorosho, maana tangu upate udereva Masasi hujaniandikia hata siku moja kwamba umenyeshewa. Kwa kweli hujaniandikia mengi.

Sasa kaa chini. Baba ameanguka.

Ilikuwa Jumapili moja ya Oktoba, tunatoka misa, akashika ukuta wa kanisa akateleza nao mpaka chini. Ni kiharusi. Upande wa kulia wote umelala, mkono na mguu, na mdomo umekwenda upande. Alilazwa, sasa yuko hapa kwangu, chumba cha mbele. Sikukupigia telegramu kwa sababu nakujua, ungetelekeza lori la watu porini ukaja kwa miguu. Daktari anasema ataishi, mradi ale. Na kula ndiko baba asikotaka.

Shida ni saa. Ile saa yake. Tulipomvua nguo hospitali mkono ulikuwa mtupu, na mimi hata sikumbuki niliiona lini mara ya mwisho. Tangu apate fahamu, kutwa anagonga kifundo cha ule mkono uliokufa kwa vidole vya mkono mzima, pale saa ilipokuwa inakaa, huku amenikodolea macho. Na neno lililombakia kinywani ni moja: Pakiteng. Uji ukija, Pakiteng. Padri akija, Pakiteng. Kisha anasukuma kijiko. Jina hilo nalikumbuka tangu utotoni. Baba alikuwa na rafiki Mmaasai wa Olbalbal, wakikutana mnadani utasikia tu Pakiteng hivi, Pakiteng vile. Nadhani ndiye huyo anamtaka. Au anataka saa. Au Pakiteng ndiye mwenye saa. Nimechanganyikiwa, Inosenti, nakwambia kweli.

Habari ya saa tumelelewa nayo kama katekisimu, lakini acha niiandike, labda nitaona nilichoruka. Pasaka ya mwaka 1971, magari ya mashindano yanatoka Mbulu yanapandisha Ngorongoro, baba ni fundi kijana kwenye kambi ya barabara. Ukungu ulikuwa mzito, gari moja likapotea njia, likashuka mpaka Olbalbal, likavunja springi kwenye korongo. Baba akaifunga ile springi kwa vipande vya mti na kamba za ngozi mbichi, maana ngozi mbichi ikikauka inabana kuliko waya, na Mzungu mwenye gari akafika Arusha. Kabla ya kuondoka pale korongoni alivua saa yake akampa baba. Baba akaivaa mkono wa kulia kwa sababu Mzungu aliivaa mkono wa kulia. Ule mshale mrefu mwekundu uliosimama juu hakuruhusu mtu auguse. Alisema ni wa mashindano, na mashindano yamekwisha.

Mimi peke yangu aliwahi kunipa niishike. Mwaka uleule fisi alipomla mtamba wangu Kipaku, yule niliyepewa na mjomba siku ya komunyo ya kwanza, nililia mpaka nikakataa chakula. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Baba alinilaza mapajani akaniwekea saa sikioni, nikapitiwa na usingizi naisikiliza. Sijasahau mpaka leo.

Halafu kuna jambo jingine. Pale lodge ninapofua mashuka huja Mjerumani mmoja kila mwaka, Bwana Dieter. Julai aliiona saa ya baba kanisani akasahau hata kusali. Mwezi uliopita amerudi na kitabu cha picha za saa tupu. Anasema hiyo yetu, iliyoandikwa Heuer na chini yake Autavia, ilitengenezwa Uswisi kwa ajili ya madereva wa mashindano, na kwao kuna watu wanazikusanya kama sisi tunavyokusanya ng'ombe. Ile iliyovaliwa na dereva mwenyewe, akiwa mashindanoni kweli, wanaigombania. Na eti ikiwa imekwaruzika bei inapanda, ukiisugua ing'ae umeiharibu. Kwa hesabu hiyo mimi na Vedasto tungekuwa matajiri, humu ndani hakuna kisichokwaruzika. Bei aliyotaja siiandiki, barua hufunguliwa njiani. Vedasto alipoisikia alisahau chai yake mpaka ikapoa. Mjerumani atarudi Machi.

Agosti wewe ulishinda na baba kuliko mtu yeyote. Alikwambia nini? Nijibu upesi, maana nimeanza kumtazama Valeriani fundi redio kwa jicho baya. Ndiye aliyekuwa akimbadilishia mkanda wa saa.

Dada yako,
Angelina


Masasi, 21 Desemba 1997

Dada Angelina,

Shikamoo. Mimi mzima, nilikuwa na homa imekwisha. Msalimie shemeji, na watoto waambie mjomba atawaletea korosho. Na mvua huku inanyesha, tena inatisha. Rufiji imefurika, kivuko cha Ndundu kimesimama, na barua yako imetembea zaidi ya mwezi. Imefika imelowa, mistari mingine nimeisoma kwa kubahatisha, ila ya baba nimeisoma yote.

Nilikuwa nimekaa kwenye lori la chama cha ushirika, tayari kupeleka korosho Mtwara. Nikashindwa kuwasha gari. Wenzangu wakauliza kama nimepata msiba, nikawaambia bado. Nataka kuja na sina njia, barabara imekatika na likizo yangu niliimaliza Agosti. Mshike baba mkono kwa niaba yangu, ule mzima.

Kuhusu saa. Huyo Mjerumani usimuahidi kitu. Kwamba ni saa ya madereva, hapo hajakudanganya. Zile namba za ukingoni siyo pambo. Ukifika kwenye nguzo ya kilomita unabonyeza kitufe cha juu, mshale mwekundu unaondoka. Ukifika nguzo inayofuata unabonyeza tena, unasimama, na namba utakayoikuta pale uliposimama ndiyo mwendo wako. Spidomita ya lori langu ilishakufa na bado najua nikiwa kwenye themanini. Aliyebuni kitu kile alikuwa anapenda magari.

Valeriani hana kosa, usimguse. Na huyo Pakiteng sijui nikwambie nini. Olbalbal ukiuliza mtu wa jina hilo wanacheka, hawakuonyeshi boma. Agosti baba alisema mengi, mengine nilielewa, mengine mpaka leo nayageuzageuza. Nafasi ya kueleza sina, kuna mzigo unanisubiri. Mpe uji kidogo kidogo, tia asali.

Ni mimi mdogo wako,
Inosenti


Karatu, 27 Januari 1998

Inosenti,

Salamu zetu ni zilezile na hali zetu ni zilezile, isipokuwa baba amekonda. Asali amelamba, uji amekataa. Watoto wanauliza korosho. Krismasi tumesali bila yeye, mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Mdogo wangu, lori unajua kuliendesha lakini uongo hujui. Ule mshale mwekundu tangu tuzaliwe hatujauona ukitembea. Leo wewe uko Masasi unaniambia ukibonyezwa unaondoka, na namba unaisoma, na lori liko kwenye themanini. Umeubonyezea wapi? Na Olbalbal ulikwenda lini ukachekwa? Agosti uliniaga kwamba unakwenda Endabash kumwona rafiki wa shule.

Saa unayo wewe. Baba anashinda njaa anaigonga mkononi, na wewe unapimia nayo lori la korosho.

Na hilo la Valeriani lilikuja limechelewa. Wiki ya kwanza ya Desemba nilishampeleka kwa balozi wa nyumba kumi, mbele ya watu, nikamwambia atoe saa ya mgonjwa. Yule baba wa watu aligeuza mifuko yote mpaka ya koti, akamwaga betri na misumari juu ya meza. Sasa akiniona njiani anavuka upande wa pili. Aibu hiyo naivaa mimi lakini aliyeishona ni wewe.

Sasa sikia ya juzi mnadani. Tangu mnada wa tarehe saba nilikuwa nimetuma maneno kwa Wamaasai wanaoleta mbuzi, kwamba Mzee Pakiteng wa Olbalbal anaitwa na rafiki yake Raphael, ni mgonjwa. Mnada uliofuata nimekaa pale kwenye magunia ya vitunguu, wakaja wazee watatu, kila mmoja na fimbo yake, na kila mmoja ananiambia yeye ndiye Pakiteng. Nikauliza tena, labda sikusikia. Wote Pakiteng. Mmoja wao, Saning'o, akaongeza kwamba wengine amewaacha nyumbani. Nikajua wananifanyia mzaha kwa kuwa mimi Mmbulu, nikaanza kufoka, watu wakajaa kutazama.

Saning'o ndiye aliyenikalisha akanieleza. Pakiteng si jina la mtu. Kwao mtu akikupa ng'ombe, tangu siku hiyo majina yenu ya kuzaliwa mnayaweka pembeni, mnaitana kwa yule ng'ombe. Wewe kwake ni Pakiteng, na yeye kwako ni Pakiteng, mpaka mmoja azikwe. Waliopeana kondoo wana neno lao, Paker. Kwa hiyo mzee mwenye marafiki wengi ana akina Pakiteng wengi. Akaniuliza, basi baba yako alimpa nani ng'ombe, au alipewa na nani? Nikasema hakuna. Tulikuwa na ng'ombe wanne, tuliwajua kuliko tulivyowajua wajomba zetu, angetoka mmoja kwenda umaasaini tungejua. Wale wazee wakatazamana. Saning'o akasema kuna mzee mwenzao, Meitamei, ana ng'ombe anaowaita wa Mmbulu, atamfikishia habari. Ila yuko mbali na mifugo, na makorongo yamejaa maji.

Nimerudi nyumbani nimebeba maswali kuliko vitunguu. Niandikie ukweli. Usinifiche kwa huruma wala kwa woga.

Angelina


Masasi, 2 Machi 1998

Dada yangu,

Shikamoo, na nyingine nampa Valeriani. Mwambie nitakuja kumwomba radhi mwenyewe. Afya ninayo, usingizi ndio hauji vizuri.

Saa ninayo. Sikuiiba. Siku chache kabla sijaondoka, baba aliivua mwenyewe tukiwa nyuma ya banda la ng'ombe, akaniwekea mkononi. Akasema, "Mpe Pakiteng. Mimi nimeshindwa." Nikamuuliza Pakiteng anakaa wapi, maana nilidhani kama wewe ulivyodhani, kwamba ni jina la yule mzee wa Olbalbal. Akageuza uso. Alikuwa analia, Angelina. Siku ya kumzika mama hakulia, siku ile alilia. Sikupata nguvu ya kuuliza mara ya pili.

Nilikwenda Olbalbal kwa lori la maji, nikauliza boma hadi boma. Walicheka kama walivyokucheka wewe, ila mimi hakuna aliyenikalisha akanieleza. Siku ya basi ikafika, nikasema nitarudi nayo mwakani nimtafute vizuri. Huku naivaa nikiwa peke yangu garini. Ndiyo, ule mshale nimeubonyeza, nisamehe. Barabara ya Mtwara ni ndefu, na mlio wa ile saa ni wa nyumbani kwetu.

Utauliza kwa nini sikukwambia. Siku ile baba alinieleza na jambo jingine, linakuhusu wewe, akaniapisha nisikutamkie. Ningekwambia habari ya saa ungeuliza kwa nini, ningejibu ungeuliza tena, na mwisho wa maswali yako ningekuwa nimelitaja. Kwa hiyo nikanyamazia yote. Usiniulize, sitaandika. Yeye ndiye wa kulisema, naye sasa hawezi. Sijui kama kunyamaza huku ni kumtii baba au ni kukudhulumu wewe, na nimelifikiria mpaka kichwa kinauma.

Saa inakuja. Kuna sista anahamishiwa kaskazini, atapanda meli Mtwara kwenda Dar. Nimeizika katikati ya kopo la korosho, kopo nimelizungushia utepe. Watoto wasilifungue kabla yako. Mvalishe baba, pengine akiiona atakula. Na huyo Meitamei akija, kwa maelezo yako naona ndiye. Mpe saa yake, tufuate neno la baba.

Wako,
Inosenti


Karatu, 24 Machi 1998

Inosenti,

Barua nimeipata, kopo sijalipata. Salamu utazikuta kwenye barua nyingine, leo sina moyo wa kusalimia.

Mjerumani amekuja. Nilipomwambia saa iko safarini ndani ya kopo la korosho alishika kichwa kwa mikono miwili. Akauliza kama kuna mtu ameisugua. Nikamwambia hapana, ila imepima mwendo wa lori, akafurahi, kwake hata hilo ni sifa. Kisha akafungua kitabu chake akanionyesha picha ya mashindano ya mwaka ule, iliyopigwa na msaidizi wa dereva. Gari limejaa matope, ukungu, na kwenye bonet kuna saa. Upande mmoja amesimama baba, kijana mwembamba, nimemjua kwa masikio. Upande wa pili amesimama Mmaasai na kipande cha ngozi mkononi.

Baba hajawahi kumtaja mtu wa pili. Miaka yote ile hadithi ilikuwa na Mzungu, springi na yeye.

Niliazima kitabu nikampelekea. Alipoiona picha aliifunika kwa kiganja, akanitazama, akasema Pakiteng, Pakiteng, mpaka sauti ikakauka. Nikamwambia ndiyo baba, tumemwita, atakuja. Akageukia ukutani. Kila nikimjibu nazidi kumuumiza na sijui nakosea wapi. Sasa anakunywa maji na maziwa kidogo tu, mikono imekuwa ya mtoto.

Na lile jambo lako linalonihusu, nimelifikiria mpaka nimefika kubaya. Mimi si mtoto wake? Kama ni hilo, sema tu.

Angelina


Karatu, 19 Aprili 1998

Mdogo wangu mpendwa Inosenti,

Pokea salamu za watu wote hapa, na safari hii uzipokee vizuri maana nina nafasi na moyo umetulia. Mbaazi zimeota. Vedasto hajambo, anakulaumu kwamba korosho zilikuwa chache. Valeriani anakusalimu, ndiyo, umesoma sawa, nitakueleza. Aliyelilinda kopo kama mtoto wake ni yule sista, amekuja nalo mapajani mpaka hapa mlangoni, Jumatano kabla ya Ijumaa Kuu.

Nilimwaga korosho kwenye ungo mbele ya baba, saa ikatoka. Nikadhani sasa tumepona. Nikamvalisha. Akaivua kwa meno, Inosenti. Akaishika kwa mkono mzima akanisukumia kifuani. Nikadhani imembana, nikailegeza mkanda, nikamvalisha tena. Akaivua tena, akalia. Nikamwambia Meitamei akija tutampa, akatikisa kichwa kwa hasira mpaka nikaogopa kiharusi kisirudi. Nikaiweka juu ya kabati nikaenda kulia jikoni. Miezi yote nimeitafuta saa ile, nimemvunjia mtu heshima kwa ajili yake, na ilipokuja hakuitaka.

Jumatatu ya Pasaka Meitamei akafika kwa miguu, yeye na mwanawe Lengai, wanaswaga mtamba. Ni mzee sana, lakini uso ni uleule wa kwenye picha. Aliingia akakaa kitandani kwa baba, wakashikana mikono. Mimi nikaichukua saa, nikapiga goti, nikampa kwa mikono miwili kama ulivyoniagiza. Akaitazama akacheka, akanirudishia. Akasema yake alishalipwa zamani.

Nikamwambia baba ameagiza ipewe Pakiteng. Hapo ndipo alipoacha kucheka, akamtazama baba, akamuuliza, "Mpaka leo hujamwambia?"

Ninakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana nimeyarudia moyoni mpaka nimeyashika.

"Yule Mzungu aliweka saa juu ya bonet, katikati yetu, akaondoka. Hakusema ni ya nani. Ngozi ilikuwa yangu, ufundi ulikuwa wa Raphael. Nikamwambia, nusu ya saa mimi nitaivaa wapi, nipe ng'ombe uichukue yote. Akaniletea mtamba. Nikamwita Pakiteng. Akasema usiniite hivyo, mtamba si wangu, ni wa binti yangu, nitamwambia akikua. Nikasema basi Pakiteng ni huyo mtoto, wewe ni mchungaji wake tu. Miaka yote hii tukikutana namuuliza, umeshamwambia Pakiteng? Ananijibu, bado."

Fisi hakumla Kipaku. Hilo ndilo jambo lako, sivyo? Umelibeba vizuri, na mimi sikulaumu, ila nikikukuta nitakufinya.

Nilitoka nje nikakaa nyuma ya banda. Nilikasirika, na bado nimekasirika kidogo. Nilikuwa na miaka tisa, nililia siku ngapi, na yule mtu alinilaza mapajani akaniwekea sikioni bei ya mtamba wangu, nami nikamshukuru. Nilitaka kurudi ndani nimwambie hivyo. Kisha nikafikiria kwamba ameivaa miaka ishirini na sita, kila akiitazama anamwona Kipaku, na hakuna siku aliyoweza kusema. Hata siku aliyojaribu akamwambia mtu mwingine. Sijui nimhurumie au nimfokee. Nimefanya yote mawili, kwa zamu.

Yule mtamba aliyekuja ana paku jeupe kwenye paji la uso. Meitamei anasema ni mjukuu wa kitukuu huko, amepoteza hesabu, wa Kipaku wamejaa zizini kwake. Amenipa. Kwa hiyo na mimi namwita Pakiteng, na yeye ananiita hivyohivyo, wanawake wa hapa jirani wanakufa kwa kicheko.

Saa naivaa mimi, mkono wa kulia. Mkanda ulikuwa mkubwa, nikaenda kwa Valeriani, nikampigia magoti palepale kibarazani, wateja wakiona. Aliniacha nimepiga magoti kidogo, haki yake, kisha akachukua sindano akatoboa tundu jipya. Hakutaka kitu. Niliporudi nilikaa karibu na baba nikabonyeza kile kitufe cha juu, mshale mwekundu ukaondoka. Akautazama unazunguka, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Julai Bwana Dieter akija nitamkaribisha chai, aishike, aipige picha, arudi kwao. Vedasto alianza kunihesabia mabati na trekta. Nimemwambia Kipaku aliuzwa mara moja bila mimi kuulizwa, safari hii nimeulizwa na nimekataa.

Jana asubuhi nimepeleka uji. Baba akanitazama, akasema, Pakiteng. Miezi yote hii alipokuwa anasema hivyo nilikuwa nageuka kutazama mlangoni, namtafuta anayeitwa. Jana sikugeuka. Nikaitika, "Abee, baba."

Akafungua mdomo.

Ni mimi dada yako,
Angelina